Damu Moja, Maswali Mawili

Mwaka 1959, katika mji wa Léopoldville ambao leo tunauita Kinshasa, mwanamume mmoja alitolewa damu na watafiti waliokuwa na shughuli zao nyingine kabisa, na damu ile ikatiwa chupani, ikahifadhiwa katika baridi kali pamoja na nyingine nyingi, pasi na mtu yeyote duniani kujua kwamba ndani yake mmejificha maradhi ambayo hayajapewa hata jina. Ilipofika mwaka 1986, siku ambazo kipimo cha virusi vya UKIMWI kilikuwa bado kigeni, wanasayansi walizitoa barafuni sampuli za damu ya zamani kutoka Afrika, zaidi ya 1,200 kwa idadi, wakazipima kwa kutafuta kingamwili, na katika zile kongwe ni hiyo moja ya Léopoldville iliyosimama imara mbele ya kila njia waliyoitumia. Miaka 12 baadaye, mwaka 1998, watafiti wengine waliirudia damu ile ile, safari hii wakaziacha kingamwili na kuvitafuta virusi vyenyewe. Walivyovipata ni vipande vifupi vya vinasaba vilivyokwisha kukatika kwa uzee, walakini vilitosha kusomwa. Na vilipolinganishwa na virusi vya siku hizi, na baadaye na vile vilivyotoka katika tezi ya mwanamke wa mji huo huo iliyohifadhiwa tangu mwaka 1960, vilidhihirisha kwamba virusi hivi vilikuwa vikitembea miongoni mwa watu wa Bonde la Kongo tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Nakitanguliza kisa hiki kwa sababu ndani yake vipimo viwili vimeigusa damu moja na kila kimoja kimejibu swali lake. Kipimo cha kingamwili kilisema kwamba mwili wa mtu yule ulikwisha kukutana na virusi. Kipimo cha vinasaba kilivionyesha virusi vyenyewe, kikavitaja na ukoo wao. Leo mtu hutoka zahanati na majibu yake mkononi, akafika mtaani, na jamaa yake akamwambia kwamba hicho alichopimwa ni kitepe tu cha kingamwili, aende mjini akapimwe PCR, yaani kile cha vinasaba, ndipo ataujua ukweli. Huyo jamaa ana nia njema, lakini amedhani kwamba kipimo ghali ndicho hakimu na kipimo rahisi ni karani wake, dhana ambayo imewatoa watu fedha bure na, lililo zito zaidi, imetusahaulisha ni nani hasa mwenye haja ya kipimo hicho ghali.

Virusi vya UKIMWI viingiapo mwilini huziandama zile chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuuamrisha ulinzi wa mwili, na mwili nao, ijapokuwa pasipo dawa mwishoe huelemewa, haukubali kuelemewa kimya kimya, bali huunda protini za kujihami, ndizo kingamwili, ambazo kila moja imechongwa ili ishikamane na kipande mahususi cha kirusi. Kingamwili hizi zikishaundwa aghalabu hudumu umri wote wa mtu. Hapo ndipo wataalamu walipopata mlango: badala ya kukisaka kirusi, ambacho ni kidogo na adimu, walikisaka kile ambacho mwili wenyewe umekizidisha kwa wingi. Virusi viligunduliwa mwaka 1983 katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris na Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao, na haikupita hata miaka miwili kamili kabla Marekani haijaidhinisha, mwezi wa Machi 1985, kipimo cha kwanza cha kingamwili. Inafaa kukumbuka kwamba kipimo kile hakikuundwa kwa ajili ya kumwambia mtu habari za siha yake. Kiliundwa kuzikinga chupa za damu ya kuongezewa wagonjwa, maana watu wenye maradhi ya damu isiyoganda walikuwa wakiangamia kwa damu iliyokusudiwa kuwaokoa.

Kipimo cha haraka tukijuacho leo ni mjukuu wa kipimo kile. Mshauri nasaha huifuta ncha ya kidole kwa spiriti, akangoja ikauke, akatoboa pembeni ya ncha ambako maumivu ni machache, akalipangusa tone la kwanza, akalichukua la pili kwa mrija mdogo na kulidondosha mahali pake. Kisha hutia matone ya kimiminika kinachoisukuma damu itambae juu ya utepe, na baada ya hapo hutazama saa. Ndani ya utepe hakuna kirusi hai hata kimoja. Mna vipande vya protini vilivyotengenezwa kiwandani kwa kuiga vya kirusi, na kama damu ina kingamwili, hizo hunasa pale, rangi ikakusanyika, mstari ukatokea. Mstari wa pili, wa uthibitisho, ni lazima utokee kwa kila mtu, mwenye virusi na asiye navyo. Usipotokea, kipimo hicho hakisemi ndiyo wala hapana, kimeharibika na hutupwa. Kusoma kabla ya dakika zilizoandikwa na mtengenezaji ni kosa, na kusoma baada ya kuzipitisha ni kosa vile vile, kwa kuwa utepe uliokauka huweza kuchora mstari ambao damu haikuuandika. Rais wa Tanzania wa wakati huo, Jakaya Kikwete, na mkewe, Mama Salma, walipopimwa hadharani jijini Dar es Salaam mwezi wa Julai 2007, mamilioni ya Watanzania waliwafuata katika kampeni ile wakipimwa kwa vipimo vya namna hii. Na tangu Bunge la Tanzania lilipoirekebisha sheria mwaka 2019, mtu mzima anaweza hata kujipima mwenyewe kwa majimaji ya ufizi, ambamo kingamwili hupenya ijapokuwa mate hayaambukizi.

Usahihi wa vipimo hivi ni mkubwa, lakini hata usahihi mkubwa una hesabu zake, na hesabu hizi msomaji akizishika hatababaika tena aambiwapo kwamba atatobolewa mara ya pili. Tuseme watu 10,000 wamepimwa, na kati yao 100 wana virusi kweli. Na tuseme kipimo kinawabaini wote 100, lakini kwa wasio na virusi hukosea mara moja katika kila watu 100. Wasio na virusi ni 9,900, basi 99 miongoni mwao wataonyeshwa kuwa navyo. Tazama sasa: walioonyesha mstari ni 199, na karibu nusu yao ni wazima. Kosa halikuzidi, idadi ya wenye virusi ndiyo iliyo ndogo, na kadiri maambukizi yanavyopungua katika nchi ndivyo fungu la majibu ya uongo linavyokua ndani ya majibu yote ya kuwa na virusi. Kwa sababu hii hapana mtu anayepaswa kutangaziwa maambukizi kwa kitepe kimoja. Hukifuata cha pili, chenye kutengenezwa kwa namna nyingine, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote zitumie vitatu mfululizo kabla ya kutoa hukumu, na likashauri pia kuachwa kwa Western blot, kipimo cha zamani cha maabara ambacho kwa miaka mingi ndicho kilichokuwa na neno la mwisho, lakini kilikuwa cha polepole, cha gharama, na chenye kutoa majibu mengi yasiyo huku wala huko.

Upungufu wa kweli wa kingamwili ni kuchelewa kwake. Ni mfano wa kelele za majirani usiku: zikisikika, hapana shaka mwizi ameingia, lakini husikika baada ya mlango kuvunjwa. Kwa makadirio ya kituo cha Marekani cha udhibiti wa maradhi, kipimo cha haraka cha kingamwili huweza kuyabaini maambukizi kati ya siku 23 na 90 tangu yalipoingia, na muda huo, ambao wapimaji huuita dirisha, ni wa hatari maradufu, kwani ndio wakati virusi vimejaa tele katika damu na mtu ana uwezo mkubwa wa kuwaambukiza wengine ilhali karatasi yake inasema hana. Vipo vipimo vya maabara vinavyotafuta kwa pamoja kingamwili na protini moja ya kirusi iitwayo p24, navyo hulifupisha dirisha hadi kati ya siku 18 na 45. Kipimo cha vinasaba hulifupisha zaidi: kati ya siku 10 na 33.

Hufanyaje? Kirusi hiki hubeba maagizo yake ya urithi katika uzi wa RNA, na kwanza uzi huo hugeuzwa kuwa DNA kwa kimeng'enya ambacho Howard Temin na David Baltimore walikigundua mwaka 1970, kila mmoja kwa njia yake, kimeng'enya ambacho virusi hivi vyenyewe hukitumia kuigeuza RNA yao kuwa DNA ndani ya chembe zetu. Kisha huingia PCR, ubunifu wa Mmarekani Kary Mullis wa mwaka 1983 uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Mchanganyiko hupashwa moto hadi nyuzijoto 95 hivi, uzi wa DNA ukaachana pande mbili. Hupozwa, vipande vifupi vilivyoundwa makusudi vikajishika pale palipo na maandishi ya kirusi na si penginepo. Kisha kimeng'enya kinachostahimili joto, asili yake bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, hunakili kila upande, na uzi mmoja ukawa nyuzi mbili. Mzunguko hurudiwa: mbili zikawa nne, nne nane, na baada ya mizunguko 30 uzi mmoja umezaa nakala zaidi ya bilioni moja. Kisichoonekana hulazimika kuonekana. Ajabu ya dunia ni kwamba Mullis huyu huyu aliishi akikana kwamba virusi hivi ndivyo visababishi vya UKIMWI, na wako waliomfuata kwa kuwa ana Nobel, utadhani tuzo ya kubuni chombo ni ijaza ya kutolea fatwa katika kila kinachopimwa nacho.

Nguvu hiyo ya kuzidisha ndiyo pia hatari yake. Chembe moja ya vinasaba iliyorukia kutoka sampuli ya jirani, au iliyobaki mezani tangu jana, huzidishwa kwa bidii ile ile, na mtu asiye na virusi akaandikiwa anavyo. Ndiyo maana maabara zenye nidhamu hutenga chumba cha kuchanganyia vitendanishi mbali na chumba cha kutilia sampuli, na fundi hatoki kimoja kwenda kingine na koti lile lile. Mahali ambapo kipimo hiki kimeonyesha faida isiyo na ubishi ni benki ya damu. Afrika Kusini, nchi yenye watu wengi zaidi duniani wanaoishi na virusi hivi, ilianza mwaka 2005 kuipima kwa vinasaba damu ya kila mchangiaji mmoja mmoja. Kabla ya hapo huduma ya damu ilikuwa ikikadiria hatari pamoja na mengine kwa rangi ya mchangiaji, na jambo hilo lilipofichuka mwishoni mwa mwaka 2004 lilizua ghadhabu ya haki kabisa. Ni nadra mashine kuondoa fedheha ya binadamu, lakini pale iliondoa.

Sasa turudi kwa mtu mzima na yule jamaa yake wa mtaani. Ikiwa imepita miezi mitatu tangu tukio analoliogopa, na hatumii dawa zozote za virusi, kingamwili zitamjibu kwa uthabiti, na PCR haitamwongezea chochote ila gharama, kwa kuwa kitepe hununuliwa kwa jumla kwa kiasi cha dola moja ya Marekani hivi, na kipimo cha vinasaba huizidi bei hiyo mara kumi na zaidi. Tena kuna watu ambao PCR huwapita na kingamwili zikawanasa. Wapo wachache mno, hawafiki mmoja katika mia, ambao miili yao huvidhibiti virusi bila dawa hata damu ikawa kama haina kitu. Wapo wenye virusi vya aina ya pili, vinavyopatikana zaidi Afrika Magharibi, ambavyo vipimo vingi vya vinasaba havikuundwa kuvitambua. Na wapo, hawa ni mamilioni, wanaomeza dawa za kufubaza virusi kila siku: karatasi yao ya wingi wa virusi husema havikuonekana, na hilo ni jambo la kushukuriwa, maana asiyeonekana na virusi kwa kipimo hicho hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana, lakini virusi vimejibanza ndani ya chembe vikingoja dawa ikome.

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni za magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha marehemu Mchungaji Ambilikile Mwasapile, na baadhi yao waliacha dawa za kufubaza virusi wakiamini wamepona. Mtu wa namna hiyo angepimwa vinasaba siku chache baada ya kuacha dawa, angeambiwa havionekani, akashangilia. Na dawa ndiyo iliyokuwa ingali ikifanya kazi. Kwa kawaida virusi hurudi ndani ya wiki chache. Kitepe cha kingamwili kisingemdanganya, kwani kingeendelea kuchora mstari wake, lakini nacho kisingemwambia kama dawa inafaulu au haifaulu. Hata pale vipimo vyote viwili viliponyamaza, yalitokea haya: mtoto aliyezaliwa Mississippi, Marekani, mwaka 2010, alianzishiwa dawa akiwa na umri wa saa 30, baadaye mama yake alipoacha kumpeleka kliniki na dawa zikakoma, madaktari walimpima wasione kingamwili wala virusi, na mwaka 2013 dunia ikatangaziwa kwamba amepona. Mwezi wa Julai 2014, baada ya miezi 27 bila dawa, virusi vilijitokeza tena.

Walio na haja kubwa zaidi ya kipimo cha vinasaba ni watoto wachanga, na hapa taksiri ya zama zetu inaonekana wazi. Mtoto akiwa tumboni hupewa na mama yake kingamwili kupitia kondo la nyuma, za surua, za pepopunda na za virusi vya UKIMWI pia, na urithi huo huweza kudumu katika damu yake hadi miezi 18. Ukimpima kwa kitepe kabla ya hapo, mstari utatokea, na hujui ni wake au ni wa mamaye. Nimewahi kumsikia muuguzi akimweleza mzazi mmoja kwa maneno mepesi kuliko yangu yote: "Mama, hapa hatujampima mtoto, tumekupima wewe kwa mara ya pili." Na kungoja miezi 18 ni muhali, kwani watoto wenye virusi wasiotibiwa, theluthi moja hufariki kabla ya kutimiza mwaka na nusu yao kabla ya miaka miwili, na utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kutolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuwaanzishia dawa mara tu wanapogundulika kulipunguza vifo kwa asilimia 76.

Kwa hiyo mtoto huletwa kliniki ya mama na mtoto akiwa na wiki nne hadi sita. Kisigino chake hupashwa joto kidogo kwa kitambaa, hutobolewa pembeni, na damu hudondoshewa katika duara tano zilizochorwa juu ya karatasi maalumu, kila duara ijae hadi upande wa nyuma. Karatasi huachwa hewani ikauke kwa saa kadhaa, mbali na jua na vumbi, bila kulaliwa na nyingine. Kisha hutiwa katika bahasha na mfuko pamoja na vijipakiti vya kunyonya unyevu, ikasafirishwa kwa basi au pikipiki hadi maabara kubwa, kama za Bugando, KCMC, Mbeya au Muhimbili nchini Tanzania. Ubora wa njia hii ni kwamba damu kavu haihitaji barafu. Kasoro yake ni safari: majibu yaliweza kukawia wiki kadhaa, na mama aliyetoka mbali, aliyerudi mara mbili akaambiwa bado, ya tatu haji. Mashine ndogo za kuwekwa hospitali ya wilaya, zilizoanza kuidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016, hutoa majibu ndani ya saa moja au mbili mama akiwa angali benchini, na baadhi yake ni zile zile zinazotumika kupimia kifua kikuu, basi lililobaki mara nyingi ni kupanga zamu na kununua vitendanishi. Fedha ambazo watu wazima wa mjini huzitumia kwa PCR wasiyoihitaji zingeweza, hilo ni oni langu, kukaa vizuri zaidi hapo.

Majibu yakionyesha virusi, mtoto huanza dawa siku hiyo hiyo, na sampuli ya pili huchukuliwa kuthibitisha bila kuisimamisha tiba. Yasipoonyesha, shughuli haijaisha, kwa kuwa maziwa ya mama nayo huweza kupitisha virusi. Hupimwa vinasaba tena akiwa na miezi tisa, na mara ya mwisho akitimiza miezi 18 au miezi mitatu tangu aache kunyonya, kwa kungojwa lile litakalokuja baadaye. Wakati huo urithi wa mama umekwisha damuni mwake, na kinachotumika kumpima, hata kama ameanza na mashine, ni kitepe cha dola moja.